Kabla hamjauza shamba kwa ajili ya sindano ya uboho

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie tiba ya seli shina za uboho, yaani seli changa za ndani ya mfupa zinazozaa seli nyingine, kwa magonjwa ya ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Baba amepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Kijana wa bodaboda ameumia uti wa mgongo na hahisi miguu. Punde simu inaleta tangazo la kliniki ya ng'ambo inayoahidi kumtoa mgonjwa uboho wake mwenyewe nyongani asubuhi, kumrudishia jioni, na neva zitaota upya. Ndugu wanakaa kikao, shamba linatiwa sokoni, vijana wanaosha magari barabarani kuchangisha nauli. Tunaandika ili kikao hicho kiwe na habari kamili kabla ya mkataba wa shamba kutiwa saini.

Neno letu ni hili: jina la uboho ni lilelile, lakini tiba za magonjwa haya zinazotokana na uboho ni tatu, na kila moja ina njia yake. Mbili zinafanya kazi, kwa magonjwa machache yanayojulikana kwa majina. Ya tatu, ambayo ndiyo inayotangazwa sana kwa wazazi wetu, haijathibitika kumsaidia mtoto mwenye mtindio wa ubongo wala mtu aliyepooza zamani. Mwenye kuuza ya tatu mara nyingi huonyesha matokeo ya zile mbili.

Ndani ya uboho mna familia mbili za seli shina. Ya kwanza huzaa damu: chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Ya pili, ambayo wataalamu huiita mesenkaima, huzaa mfupa, gegedu na mafuta. Hakuna hata moja ambayo kazi yake ni kuzaa neva. Ni kweli kwamba mwaka 2000 tafiti za panya zilidai kuona seli za uboho zimegeuka neva ubongoni, na ahadi nyingi za leo zina mizizi pale. Lakini kuanzia mwaka 2002 maabara nyingine zilipochunguza upya zilikuta kwamba seli ya uboho inaweza kuungana na seli iliyokuwapo tangu awali, zikawa moja yenye alama za zote mbili. Aliyeitazama akadhani imegeuka. Sasa swali kubwa la watafiti ni kama kemikali zinazotolewa na seli za mesenkaima zinaweza kutuliza uvimbe na kulinda neva ambazo bado hazijafa. Hilo ni lengo dogo zaidi. Kwa mtu aliyepooza miaka mitatu iliyopita, pale palipokufa hapana neva zilizobaki za kulindwa.

Tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Mgonjwa hulala kifudifudi au kwa ubavu. Daktari hupapasa nyuma ya nyonga, juu ya kalio, mpaka apate kinundu cha mfupa kilicho karibu na ngozi. Hapo husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha ganzi ya lignokeni huchomwa mpaka kwenye utando unaofunika mfupa, maana utando huo una hisia kali. Mtoto mdogo hulazwa usingizi kabisa. Sindano nene yenye kijiti cha chuma ndani yake husukumwa kwa kuzungushwa mpaka mkono uhisi mfupa umeachia. Kijiti hutolewa, bomba lililopakwa heparini ili damu isigande hupachikwa, na uboho huvutwa kwa nguvu ya ghafla. Hata aliyepigwa ganzi vizuri husikia mvuto huo ukishuka mguuni, kwa sababu ganzi haifiki ndani ya mfupa.

Kosa la kwanza hutokea hapo. Mililita chache za mwanzo ndizo zenye seli nyingi. Ukizidisha mililita 5 hivi mahali pamoja, kinachoingia bombani ni damu ya kawaida iliyokimbilia kujaza nafasi. Mwenye ujuzi huvuta kidogo, husogeza ncha, huvuta tena. Mwenye haraka hujaza bomba la mililita 50 kwa mvuto mmoja na kumwonyesha mzazi jinsi lilivyojaa. Limejaa kweli, ila sehemu kubwa ni damu tu.

Na kwa mtoto wa huku kwetu hata ujazo wenyewe ni hatari. Mtoto wa kilo 12 ana damu mililita 900 hivi mwilini. Kumtoa mililita 100 ni kumwondolea zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa mara moja. Kama aliingia wodini damu yake ikiwa tayari imepungua kwa malaria na minyoo, jambo la kawaida katika wilaya zetu nyingi, anaweza kutoka hapo akihitaji kuongezewa damu. Kipimo cha hemoglobini na cha malaria lazima vitangulie, na majibu yawe mkononi siku ileile.

Uboho ukishatolewa huchujwa, kisha humwagwa taratibu juu ya kimiminika kiitwacho Ficoll chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, na kuzungushwa kwenye mashine kwa dakika 30. Chembe nyekundu huzama. Katikati hubaki utepe mwembamba mweupe wenye seli za kiini kimoja. Kwa kliniki nyingi za siku moja, utepe huo ndio unaorudishwa kwa mgonjwa jioni.

Basi tupige hesabu, kwa sababu udanganyifu wote umejificha hapa. Tuseme utepe una seli milioni 300. Seli za mesenkaima, zile zinazotajwa kwenye tangazo, ni kati ya asilimia 0.001 na 0.01 tu ya seli hizo, yaani kati ya 3,000 na 30,000. Majaribio ya kitabibu yanayotumia mesenkaima kwa njia ya mshipa kwa kawaida hutoa seli milioni 1 au zaidi kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 anahitaji milioni 15. Kutoka 30,000 kufika milioni 15, kila seli lazima igawanyike na idadi ijizidishe maradufu mara 9. Kutoka 3,000 ni mara 12 au 13. Kazi hiyo hufanyika maabara, kwenye chupa za plastiki, kwa nyuzi 37, katika hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi, chakula cha seli kikibadilishwa kila baada ya siku chache, na huchukua wiki mbili mpaka nne. Kwa hiyo anayekwambia atavuta uboho asubuhi na kukurudishia mamilioni ya mesenkaima jioni amesema jambo lisilowezekana. Anachorudisha ni chembe nyeupe zako mwenyewe, pamoja na seli shina chache za damu.

Wale wanaokuza seli kwa wiki kadhaa nao wana mitihani yao. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha tiba ya seli kiliweka vigezo: seli zishike plastiki; angalau asilimia 95 zioneshe alama za juu ya seli ziitwazo CD73, CD90 na CD105; zisizidi asilimia 2 zenye alama za damu kama CD45 na CD34; na ziweze kugeuka mfupa, mafuta na gegedu. Baada ya hapo kuna kipimo cha bakteria na kuvu, cha sumu ya bakteria, cha kromosomu, na cha mikoplasma. Mikoplasma ni kijidudu kidogo mno. Maji ya chupa hayachafuki, seli zinaendelea kukua, na dawa za jamii ya penisilini hazikigusi. Asiyekipima mahsusi hatajua kwamba anakichoma mgongoni mwa mtu. Mwisho, siku ya kuchoma, seli huhesabiwa kwa rangi ya buluu ambayo huingia kwenye seli zilizokufa tu. Zikiwa hai chini ya asilimia 70, maabara makini huzuia chupa isitoke. Seli zilizokaa ndani ya bomba saa nyingi njiani kutoka maabara ya mji mmoja kwenda kliniki ya mji mwingine hufa kwa wingi, hata kama cheti cha asubuhi kilikuwa kizuri.

Tukishapata seli, zinapitia wapi? Njia rahisi ni mshipa wa mkono. Mesenkaima zilizokuzwa ni kubwa, nyingi zikizidi maikromita 15 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali kapilari za mapafu, yaani vijishipa vyake vyembamba kabisa, zina upana wa maikromita 5 mpaka 10. Mapafu huzinasa kama chujio la chai linavyonasa majani, na nyingi hufa pale ndani ya siku chache. Ubongoni hufika chache mno. Wengine hupita kwenye ateri ya shingo kukwepa mapafu, na hapo seli hizohizo kubwa zinaweza kuziba vijishipa vya ubongo na kuleta kiharusi kipya. Njia ya tatu ni kuchoma kati ya pingili za kiuno na kuingiza seli katika maji ya uti wa mgongo. Hiyo huleta kichwa kuuma na homa, na pasipo usafi kamili huleta homa ya uti wa mgongo. Mizizi ya neva nayo inaweza kuvimba na kushikamana, mgonjwa akabaki na maumivu ya miguu ambayo hakuwa nayo.

Ushahidi wa binadamu unasemaje? Mwaka 2014 madaktari wa hospitali tano za India walichapisha jaribio la wagonjwa 120 wa kiharusi. Kundi moja lilitolewa uboho na kurudishiwa seli za kiini kimoja kwa mshipa, wastani wa seli milioni 280 hivi. Kundi la pili halikupewa. Walipopimwa siku ya 180, uwezo wa kujihudumia ulikuwa sawa katika makundi yote mawili. Tunalitaja jaribio hili makusudi, kwa sababu familia nyingi za Uganda huelekea India, na madaktari wa India wenyewe ndio waliopima kwa uaminifu na kutangaza kwamba hawakuona faida.

Kwa ugonjwa wa ALS, unaoua neva zinazoendesha misuli, kampuni moja ilikuza mesenkaima za wagonjwa wenyewe na kuzichoma katika maji ya uti wa mgongo mara tatu. Jaribio kubwa halikufikia lengo lake kuu, na Septemba 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura: 17 walisema ushahidi hautoshi, mmoja alisema unatosha, mmoja hakuegemea upande. Japani, kinyume chake, iliruhusu kwa masharti mnamo Desemba 2018 tiba ya mesenkaima kwa walioumia uti wa mgongo, ikitegemea wagonjwa 13 tu bila kundi la kulinganisha, na wanasayansi wengi waliikosoa ruhusa hiyo. Hata ukiikubali, uboho wa mgonjwa hutolewa ndani ya siku 31 tangu ajali. Aliyeanguka na bodaboda mwaka juzi hayumo katika mpango huo. Wauzaji hutaja ruhusa ya Japani na kunyamaza kuhusu siku 31.

Mzazi atauliza, na ana haki: mbona mtoto wa jirani alirudi akikaa mwenyewe? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukua. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia mamia ya watoto na kuonyesha kwamba wenye ulemavu mwepesi hufikia asilimia 90 ya uwezo wao wa viungo wakikaribia miaka 5, na wenye ulemavu mzito kabla ya kutimiza miaka 3. Ndani ya umri huo mtoto huongeza uwezo hata asipochomwa chochote. Kliniki humpokea akiwa na miaka miwili au mitatu, humchoma mara moja, kisha humfanyisha mazoezi ya viungo kila siku kwa wiki kadhaa, saa nyingi kuliko alizowahi kupata nyumbani. Akikaa, sifa zote hupewa sindano. Vivyo hivyo kwa kiharusi: sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi mitatu ya kwanza, na ndiyo miezi ambayo familia hupanda ndege. Ndiyo maana tunasisitiza kundi la kulinganisha. Bila hilo hakuna daktari, hata awe bingwa, anayeweza kutofautisha kazi ya seli na kazi ya muda.

Sasa tiba mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni ya maltipo sklerosisi, ambayo wengi huiita MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ala ya mafuta inayofunika neva. Mgonjwa hupewa dawa ya kusukuma seli shina za damu zitoke ubohoni, maikrogramu 10 kwa kilo kwa siku kadhaa. Mashine huzivuna kutoka kwenye mshipa, angalau seli milioni 2 zenye alama ya CD34 kwa kilo, na hugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika. Kisha hupewa dawa kali zinazofuta kinga yote, kwa mpango mmoja siklofosfamidi miligramu 200 kwa kilo zilizogawanywa siku nne pamoja na kingamwili za kuua seli T, ambazo ni chembe nyeupe za kinga. Ndipo seli zake huyeyushwa na kurudishwa. Kemikali iliyozilinda kwenye baridi hutoka kwa pumzi, na chumba hunuka kitunguu saumu siku nzima. Angalieni vizuri kinachotibu: ni zile dawa zilizofuta kinga iliyopotoka. Seli shina zimekuja kumwokoa mgonjwa asife kwa kukosa damu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lenye wagonjwa 110, waliopata tiba hii walioendelea kudhoofika walikuwa 3, dhidi ya 34 waliobaki na dawa za kawaida. Inafaa kwa mwenye mashambulizi ya kuja na kuondoka ambaye dawa zimemshinda. Haioteshi neva zilizokwisha kufa, na kwa siku kumi au zaidi mgonjwa hana chembe nyeupe, hivyo huhitaji chumba chenye hewa iliyochujwa, chembe sahani zilizopigwa mionzi, na uchunguzi wa kifua kikuu kilicholala kabla ya kuanza, jambo ambalo mgonjwa wa kutoka Uganda asikubali lirukwe. Inaweza pia kumfanya mtu awe tasa.

Ya pili ni kwa watoto wachache waliozaliwa bila kimeng'enya au protini fulani inayohitajika na mwili: ugonjwa wa Hurler, adrenoleukodistrofi, leukodistrofi ya metakromati. Seli shina za damu za mtu mwingine, au za mtoto mwenyewe zilizorekebishwa jeni, huingia ubongoni na kuwa chembe za ulinzi zenye kimeng'enya au protini iliyokosekana. Upandikizaji wa Hurler ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulaya iliruhusu tiba ya jeni ya leukodistrofi ya metakromati Desemba 2020, Marekani Machi 2024, kwa bei ya dola milioni 4.25. Zote hufaa kabla dalili hazijakolea, kwa sababu seli huchukua miezi mingi kujenga makao ubongoni na ugonjwa haungoji.

Kuna mlango mwingine ambao uboho unaihusu Uganda moja kwa moja, nao ni sikoseli (selimundu), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Uchunguzi wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wana chembechembe za urithi wa sikoseli. Watoto wenye ugonjwa wenyewe hupata kiharusi wakiwa wadogo, wengine wakiwa chekechea. Upandikizaji wa uboho wa ndugu wa damu anayelingana unaweza kuuondoa ugonjwa. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kulingana. Lakini kinga ya kiharusi haihitaji kungoja upandikizaji. Mashine ya mawimbi ya sauti huwekwa kwenye panja, kando ya jicho, na kupima kasi ya damu ubongoni. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida; 200 na kuendelea ni hatari kubwa, na mtoto lazima aanze matibabu. Mwaka 1998 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto wa kundi hilo kila mwezi kulipunguza kiharusi kwa asilimia 92. Pale damu isipopatikana kila mwezi kuna dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea, miligramu 20 kwa kilo kwa siku kuanzia. Wengi walihofia ingeongeza malaria. Utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2017 haukuona ongezeko hilo, na mwingine wa mwaka 2020 hapohapo Kampala ulionyesha kwamba kupandisha dozi polepole huku damu ikipimwa kunaleta nafuu zaidi kuliko kubaki na dozi moja. Mzazi akumbuke kwamba kidonge kisichopimiwa damu ni hatari: chembe nyeupe au sahani zikishuka mno, dawa husimamishwa mpaka zipande, kisha hurudishwa kwa dozi ndogo.

Kwa mtindio wa ubongo, fedha za shamba zina kazi hapahapa nchini. Utafiti wa wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria watoto 2.9 kwa kila 1,000, na takriban robo ya waliochunguzwa waliupata baada ya kuzaliwa, malaria ya kichwa ikiwa sababu kubwa. Ufuatiliaji wa hukohuko ulionyesha wanakufa kwa kiwango cha takriban mara 25 ya wenzao, hasa kwa malaria na upungufu wa damu. Chandarua, lishe laini anayoweza kumeza akiwa ameketi wima, dawa ya kifafa isiyokatika, kiti cha pembe kilichochongwa na seremala kwa vipimo vya mtoto, na mtaalamu wa viungo anayemfundisha mama namna ya kumgeuza na kumnyoosha kila siku: hivyo ndivyo vinavyomweka hai na kumwongezea uwezo. Na mtoto ambaye kichwa kinakua upesi apelekwe kupimwa maji kichwani mara moja, kwani upasuaji wa hali hiyo hufanyika Mbale, katika hospitali ya CURE, ambako mbinu ya kutoboa njia ya maji bila kuacha mrija mwilini iliendelezwa na sasa inatumika nchi nyingine pia.

Anayebaki na nia ya kusafiri adai karatasi hizi kabla ya kulipa. Jina la jaribio na namba yake ya usajili, ingawa kusajiliwa pekee si kuruhusiwa. Barua ya kamati ya maadili. Na barua ya mamlaka ya dawa ya nchi husika. Aulize seli ni za aina gani, ngapi, zimekuzwa siku ngapi, asilimia ngapi hai, na zitapita njia gani. Aulize ni nani atakayelipa mgonjwa akidhurika, na atamfuatilia kwa miaka mingapi. Katika jaribio halali mgonjwa hauziwi dawa ya majaribio. Kwa mujibu wa miongozo ya kitaifa ya India ya mwaka 2017, seli shina nje ya magonjwa yaliyokubaliwa ya damu na mengineyo machache hutumika ndani ya majaribio yaliyoidhinishwa tu. Ukidaiwa maelfu ya dola kwa sindano ya mtindio wa ubongo, umeshajibiwa.

Kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa na Baraza la Madaktari tunaomba mambo mawili. Chapisheni, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine, orodha ya majaribio ya seli yaliyoidhinishwa Uganda, hata kama orodha ni tupu; ukurasa mtupu nao ni habari. Na kliniki yoyote itakayofungua mlango Kampala kutoa huduma hii bila cheti cha jaribio ifungwe kabla haijamchoma mtu, maana ujirani wake utarahisisha nauli na kuzidisha waathirika. Nawe Mhariri, pamoja na wenye redio, msipokee tangazo la seli shina lisilo na namba ya jaribio.

Madhara si ya kubuni. Mwaka 2010 mtoto mdogo alifariki baada ya kuchomwa seli za uboho ubongoni katika kliniki moja mjini Düsseldorf, Ujerumani, na mwaka uliofuata kliniki ikafungwa. Mvulana wa Israeli aliyechomwa seli za ubongo wa mimba huko Moscow alikutwa, miaka minne baada ya sindano ya kwanza, na uvimbe uliotokana na seli za mtu mwingine. Zile hazikuwa za uboho, lakini zinaonyesha muda ambao ubaya unaweza kujificha.

Kwa hiyo aliyekwisha kuchomwa, popote alipochomwa, asione haya wala asifiche. Amweleze daktari wake wa hapa tarehe, aina ya seli, idadi na mahali palipochomwa, na atunze cheti cha chupa pamoja na muhtasari wa kutoka hospitali. Homa na shingo kukakamaa ndani ya wiki mbili ni dharura ya saa ileile. Maumivu mapya ya mgongo, mguu uliokuwa mzima kudhoofika, mkojo kuziba au kifafa kuongezeka, hata baada ya miaka, vinahitaji picha ya MRI ya ubongo na ya uti wa mgongo wote, na daktari anayeisoma aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa aliwahi kuchomwa seli.

Ni sisi,
Wahudumu wa magonjwa ya neva na damu,
Kampala